Sifuri ya Lukwisa

Siku ile mjinga alikuwa Dakta Zuberi Mkangara, na hilo halina ubishi, maana hata mwenyewe halikatai. Muulize atakwambia: mjinga mwenye shahada tatu, kompyuta mpakato na kofia ya mradi. Wala hakusukumwa na mtu. Ujinga wake aliufanya mchana kweupe, akitabasamu, mbele ya mashahidi mia moja na arobaini na wawili, na mashahidi wakampigia makofi.

Nchi yenyewe hatutaitaja. Si kwa woga, ni kwa adabu tu, kwa kuwa nchi hiyo ina desturi ya kuwatembelea nyumbani wanaolitaja jina lake bila kibali. Tuseme ni nchi yenye jua la kutosha, mito ya kutosha, na viongozi wa kubaki.

Katika chuo kikuu cha nchi hiyo palikuwa na Kituo cha Utafiti Mtambuka wa Nishati Isiyo na Hewa Ukaa kwa Jamii Endelevu. Jina lilikuwa refu kiasi kwamba kibao chake kilianzia mlango wa mbele, kikakata kona, na kumalizikia ukuta wa choo. Neno "mtambuka" lilimaanisha kwamba wataalamu wa fani zote wakae meza moja. Dakta Mkangara alikuwa mtaalamu wa betri na sola, mtu wa bisibisi na waya, na alikaa kwenye meza hiyo kwa furaha ya mgeni aliyeletewa kiti kabla hajajua kikao kinahusu nini.

Kituo kilimtuma Lukwisa, kijiji kilichojibanza kwenye mikunjo ya milima, mwendo wa siku nzima kutoka mjini. Alikaa huko miezi mitatu na kipimo chake cha hewa. Alipima mafiga, alipima vibatari, alipima hadi pumba zinazochomwa kando ya kinu. Mshale haukutikisika. Akadhani kipimo kimekufa, akakipeleka nyuma ya bomba la moshi la gari lake mwenyewe, mshale ukaruka ukagota mwisho. Kipimo kilikuwa kizima. Ni Lukwisa tu iliyokuwa haina kitu.

Basi akawaita wananchi kwenye darasa la shule ya msingi kuwapa majibu.

Aliyesimama kwanza alikuwa Nesi Melania Sagamba wa zahanati, mwanamke mfupi wa miaka hamsini na ushei, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuwaambia watu wazima wasukume.

"Haya, daktari wa vipimo," alisema. "Miezi mitatu unatuzunguka na hicho kidude. Tunaumwa nini?"

"Hamuumwi, nesi. Nyinyi ndio wazima. Kijiji hiki hakitoi hewa chafu ya kuhesabika."

"Tutaitoaje? Hatuna cha kutolea."

Darasa likacheka. Dakta naye akacheka, tena kwa sauti kuliko wote.

"Na zile paneli ulizosema?" nesi akauliza, yeye hakucheka.

"Ziko stoo ya chuo. Tatu, na betri zake, zimeandikwa jina la zahanati yako. Nikiwasilisha ripoti kwamba watu hawa hawajachafua chochote na wanastahili umeme safi, wiki mbili nyingi."

"Chumba cha kujifungulia."

"Chumba cha kujifungulia, nesi."

"Nauliza mara mbili kwa sababu tochi ya simu naibana kwa meno. Mwezi uliopita chaji iliisha kichwa cha mtoto kimeshatoka."

"Ukafanyaje?"

"Nikamalizia kwa vidole. Wewe leta paneli."

Sasa ndipo tunapofika kwenye ujinga wenyewe. Katika nchi hiyo, mkutano usio na karatasi ya mahudhurio haujafanyika. Watu wanaweza kukaa saa sita wakagombana na wakapatana. Kama hawakusaini, walikuwa wanapunga upepo. Hata misiba ya watumishi wa umma ina karatasi, na kuna mjane mmoja aliyekosa kutambuliwa kuwa mfiwa kwa sababu siku ya mazishi alikuwa analia, akasahau kusaini.

Juu ya karatasi hiyo pana mstari: *Kichwa cha habari*. Dakta alitaka kuujaza. Lakini jina rasmi la mkutano wake lilikuwa na maneno ishirini na tatu na mstari ulikuwa wa kidole kimoja. Akauangalia, akaangalia foleni, akaangalia kreti za soda zinavyopata joto.

"Nitajaza mjini," akasema.

Akasaini yeye wa kwanza, kuonyesha mfano. Wakafuata watu wote, wenye kalamu kwa kalamu, wasiojua kuandika kwa dole gumba na wino wa buluu. Binti mmoja aitwaye Zawena, mimba yake ndiyo kwanza inaanza kuonekana, alisaini mara mbili. "Moja yangu, moja ya huyu," akasema akijipapasa tumbo, akapewa soda mbili. Watu wakapiga makofi. Dakta akaikunja karatasi vizuri, akaitia kwenye bahasha, akaipeleka mjini kwa mkono wake mwenyewe.

*

Kikao cha Kituo kiliongozwa na Makamu Mkuu wa Chuo, Profesa Kagaruki Ndimbo, mtu ambaye hajawahi kuonekana peke yake, hata kwenye picha ya pasipoti. Idara kumi na nne zilihudhuria. Zote zilikuwa zimeisoma ripoti ya Dakta, au angalau neno moja la ripoti hiyo, lililokuwa ukurasa wa tisa: *sifuri*.

Idara ya Historia ilitoa ushahidi kwamba mababu wa Lukwisa nao hawakuwahi kuwa na umeme, jambo lililoonyesha msimamo wa muda mrefu. Idara ya Saikolojia ilieleza kuwa mtu asiyewahi kuona taa haimsumbui. Idara ya Muziki ilikwishatunga wimbo. Ndaki ya Biashara ilisimamisha mtu mwembamba mwenye tai ya njano, aliyesema kwamba wapo wabia wa ng'ambo wenye moshi mwingi kuliko wanavyoruhusiwa, wasio na giza lao wenyewe, na wako tayari kulichukua la kwetu kwa vyeti vya hewa ukaa, wapate kuendelea na moshi wao.

"Waheshimiwa wataalamu," alisema Profesa Ndimbo, na msaidizi wake akamsogezea glasi ya maji ambayo hakuinywa. "Dunia nzima inahangaika. Huyu anachimba jua, yule anakamata upepo, mwingine anafunga mto kamba. Na bado wote hao wana mabaki, wana nyaya, wana kelele. Sisi, kwa utafiti wa wana wetu wenyewe, tumevuka hapo. Tumegundua kwamba nishati safi kuliko zote ni ile isiyokuwepo."

Makofi yalichukua muda. Dakta Mkangara alinyoosha mkono, ukakaa juu mpaka ukafa ganzi.

"Profesa, hiyo si nishati," alisema alipopewa nafasi. "Hilo ni giza. Mimi nilipima ili wapelekewe umeme."

"Dakta, wewe ni mhandisi, na tunakuheshimu kwa nyaya zako. Ila hiki ni kikao mtambuka. Nishati leo si ya wahandisi peke yao."

"Paneli zao tatu ziko stoo."

"Ukiwasha taa moja Lukwisa, sifuri inabaki kuwa nini?"

"Inabaki sifuri, Profesa. Sola haitoi moshi."

"Ilitengenezwa wapi? Ilisafirishwa na nini? Fundi alikula nini siku hiyo, na hicho chakula kilipikwa kwa kuni gani?" Profesa alitabasamu kama mtu anayemrekebisha mwanawe mbele ya wageni. "Tusiwachafulie watu wetu jina lao, Dakta. Isitoshe, wenyewe wameridhia."

"Nani ameridhia?"

Msaidizi akafungua faili. Karatasi ya mahudhurio ya Lukwisa ilikuwa pale, imenyooshwa kwa pasi. Na juu yake, kwa mwandiko mzuri wa karani mwenye subira, ule mstari ulikuwa umejazwa, ukamwagikia pembeni, ukapanda hadi ukingoni: *Sisi wananchi wa Lukwisa tunaridhia kwa hiari yetu kubaki kama tulivyopimwa, sisi na vizazi vyetu.* Chini yake sahihi mia moja na arobaini na tatu za watu mia moja na arobaini na wawili, maana kizazi kimoja kilikwishasainiwa tumboni. Na kabla ya hizo zote, ya kwanza kabisa, ilikuwa sahihi ya Dakta.

"Haya ni mahudhurio," Dakta alisema.

"Walihudhuria, hawakuhudhuria?"

"Walihudhuria."

"Basi."

Akakaa. Ndipo alipokumbuka kwamba hata leo, mlangoni, kabla ya chai, aliwekewa karatasi akasaini, na hakuangalia juu palikuwa pameandikwa nini.

*

Mwezi haukuisha, Wizara ya Nishati, Hewa na Utulivu ikatangaza Lukwisa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Sifuri. Wanyama wana hifadhi zao, ilisema taarifa, kwa nini giza lisiwe na yake.

Walipelekwa vijana sita wa Kitengo cha Moshi, wamevaa vizibao vya kijivu, wakapiga hema kilimani na darubini zao. Kazi yao ilikuwa kuhesabu moshi. Wiki ya kwanza waliwasalimia watu. Wiki ya pili waliwasalimia kwa majina. Wiki ya tatu hawakusalimia tena, ila majina walikuwa nayo.

Kila nyumba ilipangiwa mafiga yake na saa yake ya kuyawasha. Vibatari vilikusanywa kwenye gunia. Yule mwenye duka aliyekuwa na kisola cha kuchajia simu alikuta paa limetobolewa na kisola hakipo, na pale kilipokuwa pamebandikwa karatasi ya shukrani. Mzee mmoja alichoma mabua shambani kwake kama alivyofanya kila mwaka tangu apate akili. Walimjia jioni, wapole kabisa, mmoja akambebea hata jembe. Mkewe alipokwenda kuuliza, aliambiwa mzee amepangiwa majukumu mengine.

"Majukumu gani?" mke aliuliza.

"Mengine," akaambiwa.

Mjini nako mambo yalianza taratibu, kama mtu anayefunga mlango asiwaamshe watoto. Kwanza zilizimwa taa za barabarani, kwa mshikamano na Lukwisa. Kisha za masoko. Maktaba ya chuo ikawa inafungwa saa kumi, na ikifika saa kumi na nusu vizibao vya kijivu vinapita vikigusa balbu moja moja kuona ipi ina joto. Wilaya zikaanza kushindana. Iliyofikia giza nusu ilipewa kombe. Taa za Ikulu hazikuzimwa, kwa sababu wataalamu wa Ndaki ya Sanaa walithibitisha kwamba zile si taa, ni alama.

Dakta Mkangara wakampandisha cheo. Akapewa nishani na jina, Baba wa Sifuri, na ofisi kubwa isiyo na soketi ukutani. Nje ya mlango wake aliwekwa mtu wa kizibao, kwa usalama wake, aliyeandika kila alipoingia na kila alipotoka, na siku nyingine aliandika hata Dakta alipokuwa amekaa tu. Wenzake wa kitengo cha umeme, waliokuwa wakila naye mihogo kila saa saba, walianza kuwa na kazi nyingi saa saba.

Mwezi wa sita tangu mkutano wa Lukwisa akaletewa barua. Iliandikwa nyuma ya kadi ya kliniki, kwa herufi ndogo zilizobanana.

*Dakta, salaam. Wamekusanya tochi zote kijijini. Wanasema betri nazo zinahesabiwa. Simu nimeiacha izime, hakuna pa kuchajia. Zawena ni wiki mbili kutoka leo na mtoto hajageuka. Hospitali ya wilaya hatufiki, barabara ina kizuizi, gari haliruhusiwi kupita kwa sababu ya moshi. Sikuandikii kukulaumu, karatasi ni ndogo. Nesi M.*

Dakta aliisoma mara nne. Halafu akafanya kitu ambacho hakuwa amekifanya tangu apate nishani. Alitoka ofisini bila kuaga, na mtu wa kizibao akaandika.

*

Stoo ya chuo ilikuwa ya Mzee Chamwela, mtu wa miaka thelathini na moja kazini, ambaye kofia yake ya pama hutundikwa kwenye msumari asubuhi na kushuka jioni, kiasi kwamba watu walijua saa kwa kuangalia msumari. Katika miaka hiyo yote hakuna kilichotoka humo bila sahihi. Mkuu mmoja wa idara alistaafu akiwa bado anadai sanduku la chaki.

"Nimefuata paneli moja na betri yake, mzee wangu," Dakta alisema.

"Za Lukwisa?"

"Za Lukwisa."

"Kibali?"

"Sina."

Mzee Chamwela alilivuta daftari kubwa, akalifungua, akalainisha ukurasa kwa kiganja. Dakta akatoa kalamu.

"Rudisha kalamu yako," mzee alisema, na daftari akalifunga. "Sitaki sahihi yako leo. Ile ya mwisho uliyoweka imetutosha."

Dakta alitazama chini.

"Usiniinamie, mimi si kaburi. Beba. Nimebakiza miezi minne kustaafu na nimechoka kuhesabu vitu ambavyo haviendi popote." Akamsaidia kuivuta paneli nje ya boksi, akaifuta vumbi kwa mkono wa shati lake. "Waya mwekundu usiuchanganye."

"Mzee, mimi ndiye mtaalamu."

"Ndiyo maana nakwambia."

Siku ya tatu Dakta alipita stoo kumshukuru. Kwenye kiti alikuwa amekaa mtu mwingine, kijana mnadhifu, kizibao kipya.

"Mzee Chamwela yuko wapi?"

"Amepangiwa majukumu mengine."

"Mbona kofia yake ipo hapo?"

Kijana aligeuka akaitazama kofia kwenye msumari, kama ndiyo kwanza anaiona.

"Hayo majukumu hayahitaji kofia," akasema, akarudi kwenye daftari lake.

*

Sherehe ya uzinduzi wa Sifuri ilipangwa wiki ile ile ambayo Zawena angejifungua, na Baba wa Sifuri hakuwa na budi kuwepo. Paneli ilisafiri na msafara wa chuo kwenye gari la Idara ya Muziki, imefungwa pamoja na betri yake kwa kitambaa cha buluu chenye shada la maua bandia. Dakta aliandika juu yake: *Kibao cha Uzinduzi. Kisifunuliwe.* Kwenye kizuizi cha barabarani walinzi wa kijivu walikipigia saluti.

Waziri alitarajiwa saa nne asubuhi. Wananchi walikusanywa uwanjani tangu saa moja, wakasainishwa, wakakaa. Ilipofika saa tano Waziri hajafika, Dakta alikichukua "kibao" chake akazunguka nyuma ya mabanda hadi zahanati.

Zawena alikuwa kitandani tangu alfajiri, ameng'ata ncha ya khanga. Chumba chenyewe kilikuwa na kidirisha kama cha kuku, na hata jua la mchana lilikuwa linaingia humo kwa kujikunja. Nesi Melania hakusema karibu.

"Wiki mbili zako zimekuwa miezi sita," alisema.

"Nesi, ile karatasi—"

"Sijakuuliza karatasi. Inawaka?"

"Ikikaa juani mpaka jioni, inawaka usiku kucha."

"Mtoto ametanguliza makalio. Kwa jinsi ninavyomwona hatoki kabla ya jioni. Panda juu."

Alipanda, akaifunga paneli upande wa nyuma wa paa ambao kilima hakiuoni, akateremsha waya, akatundika balbu moja juu ya kitanda. Waya mwekundu aliukagua mara tatu. Kisha akarudi uwanjani, akaketi mstari wa mbele na nishani yake kifuani, akasubiri kama wengine.

Mheshimiwa Waziri Sospeta Nchangwa aliwasili saa kumi na mbili kasoro, na mashangingi ishirini na saba, lori la jenereta, na gari la wagonjwa ambalo lilikuwa lake binafsi, kwa sababu mafua humjia ghafla. Vumbi na moshi vilipanda pamoja vikafunika bonde. Kule kilimani vijana wa darubini waligeukia upande wa pili, kwa mujibu wa mwongozo.

Jukwaa likawashwa taa nyeupe. Wimbo ukaimbwa. Profesa Ndimbo akamkaribisha Waziri kwa sifa ambazo zilichukua mwanga wote uliobaki angani.

"Ndugu zangu wa Lukwisa," Waziri alianza, kwa sauti nzito yenye upole, sauti ya mtu anayekusomea hukumu huku akikushika bega. "Yapo mataifa yanayojivunia maghorofa. Yapo yanayojivunia treni. Sisi tunajivunia nyinyi, ambao hamjivunii kitu. Wabia wetu wameshachukua giza lenu la miaka thelathini ijayo. Msilipoteze. Msilitoboe. Mtu akiligusa giza la Lukwisa, ameigusa bendera."

Wananchi walipiga makofi walipoonyeshwa.

"Na sasa, ili wabia wetu wanaotuangalia kwa kamera washuhudie, naagiza kila kitu kizimwe. Jukwaa, magari, simu. Tutasimama dakika moja katika giza la taifa."

Jenereta likakohoa likafa. Taa za jukwaa zikafifia. Giza likashuka juu ya watu wote, waziri na mwananchi, zito, lenye harufu ya dizeli, na ukimya wa watu mia kadhaa wanaoogopa kukohoa.

Na huko juu, mwisho wa uwanja, kidirisha kimoja kilikuwa kinawaka.

Kilikuwa kidogo tu, kama cha kuku. Lakini palipokuwa hapana kingine, kilionekana na kila mtu, na pengine hata na wabia.

"Ile ni nini?" sauti ya Waziri ikauliza gizani.

"Nadhani ni mwezi, Mheshimiwa," alijibu Profesa Ndimbo.

"Mwezi una pazia?"

Tochi za vizibao zikawaka, maana zile ni za kazi, na msafara ukaanza kupanda kuelekea zahanati, viatu vikigonga mawe. Dakta Mkangara aliona miguu yake inakwenda nao. Angeweza kubaki. Hakuna aliyekuwa anamtazama. Alijua pia kwamba kwenye msumari wa stoo kofia bado inaning'inia, akakaza mwendo mpaka akawapita.

Nesi Melania alikuwa amesimama mlangoni, glavu zake zimelowa hadi kwenye vifundo vya mikono. Nyuma yake Zawena alitoa mlio mrefu uliokatikia katikati.

"Zima taa, mama," alisema mkubwa wa vizibao.

"Miguu imetoka. Kichwa bado. Nizime nini?"

"Hii ni amri."

"Nami nina kazi. Subirini hapo."

Mmoja akapiga hatua kumpita. Dakta akajikuta ameingia katikati, kifua chake na nishani yake vimekutana na kizibao.

"Taa ni yangu," alisema. "Nimeileta mimi. Nesi hajui kitu."

Waziri alisogea mbele. Alimtazama bila hasira.

"Baba wa Sifuri," alisema. "Si wewe uliyetuandikia kwamba watu hawa hawana shida?"

"Niliandika kwamba hawana moshi, Mheshimiwa. Nilipima giza. Sikulisifia."

"Sahihi yako ni ya kwanza."

"Ni ya kwanza. Niliweka kwa ujinga, na leo nasimama hapa kwa akili yangu."

"Umechoka, Dakta." Waziri alimgusa bega, taratibu, kama anayeondoa uzi. "Una majukumu mengi. Tutakutafutia mengine."

Dakta alihisi wawili wa vizibao wamesimama nyuma yake, karibu kiasi cha kusikia wanavyopumua. Hakugeuka. Waziri alikwishamwacha, amemwelekea nesi, na sauti yake ikawa laini zaidi.

"Mama, mimi sina ugomvi na wewe. Bibi zetu walizaa gizani. Mimi mwenyewe nilizaliwa gizani, kwenye nyumba ya udongo, na unaniona, sijapungukiwa. Taifa limetangaza sifuri mbele ya dunia, dakika tano zilizopita. Sitaki kingine kwako. Zima hiyo taa nione sifuri yangu, niende zangu."

Nesi Melania hakutoka mlangoni.

"Kama ni sifuri unayoitaka, Mheshimiwa, pita hapa nyuma, penye mikonge. Wako watoto tisa, nimewazika mwenyewe, na hakuna hata mmoja aliyewahi kutoa pumzi."